Bibi Kapiga Magoti, Wazee Wanapiga Kura

Niseme mapema kwamba siandiki haya kwa moyo mweupe. Nina kinyaa. Kile kinyaa cha kukuta unywele kwenye uji wakati nusu bakuli umeshameza, huwezi kuutapika na huwezi kuendelea kunywa.

Kanisa letu liko Ngulyati, kutoka Bariadi mjini ni bodaboda kidogo tu. Mimi ni katibu wa baraza la wazee wa kanisa. Si kwamba nimeokoka kuliko wenzangu. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakanirudisha nyumbani, ila mwandiko wangu unasomeka. Katibu wa zamani alipohamia Maswa wakasema yule binti anaweza kuandika muhtasari. Basi nikawa nakaa pembeni ya meza na daftari, nasikiliza watu wazima wakigombana kwa sauti ya upole.

Wamegawanyika mara mbili, kila mtu anajua. Upande mmoja ni wazee wa pamba, watu waliozaliwa hapa, waliofyatua matofali ya hilo kanisa kwa mikono yao. Upande wa pili ni watumishi, yaani walimu, nesi, bwana shamba, watu waliohamishiwa huku kutoka mikoa mingine. Wazee wanataka mahubiri yatafsiriwe Kisukuma, sentensi kwa sentensi, hata kama ibada itafika saa nane mchana. Watumishi wanataka Kiswahili tupu, kinanda, na kurudi nyumbani mapema. Mchungaji naye ni mgeni, ametokea mikoa ya kaskazini, kijana, anavaa viatu vilivyochongoka. Kisukuma anachojua ni mwangaluka, salamu ya asubuhi, na anaisema hata jioni.

Mimi mwanzoni nilikuwa upande wa mchungaji. Nilikuwa nimechoshwa na wazee.

Sasa kilichotokea ni hiki. Dada yangu alijifungua mapacha. Wazima wote wawili, wa kike na wa kiume, wamepewa yale majina ambayo mapacha wote wa kwetu wanapewa. Mtu asiye wa huku anaweza kudhani ni furaha tu. Ni furaha, ndiyo, lakini kwetu mama wa mapacha haendi kokote mpaka afanyiwe yale mambo. Haingii kwenye uwanja wa mtu, hakatizi shamba la mtu. Wanawake wa jirani wanakuja, wanaimba nyimbo za matusi, matusi kabisa, wanawatukana wazazi na wazazi wa wazazi, huku wananyunyizia watu na kuta kwa maji yenye unga. Wakimaliza, mambo yameisha. Asipofanyiwa, mvua ikichelewa kidogo tu wanaanza kuangalia nyumba yenu.

Na wimbo wa kwanza lazima auanzishe mwanamke ambaye naye amezaa mapacha. Pale kwetu ni bibi. Alizaa mapacha zamani, mmoja ndiye baba yangu, mwingine hakufika mwaka.

Bibi ni mtu wa kanisa kuliko hao wote ninaowaandika. Anajua tenzi zote kwa kichwa kwa sababu hajui kusoma. Siku ile wanawake walipojaa uwanjani alikaa ndani muda mrefu. Nikamfuata.

"Mayu, usipotaka acha," nikamwambia. "Waambie umeokoka."

"Nitawaambia mimi nimeokoka," akasema. "Halafu dada yako nani atamshikia mtoto akienda kisimani? Wewe?"

Akatoka. Akaimba. Wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilishika bakuli la maji yenye unga, nikazunguka nalo nyuma yake. Nililishika mimi, na niliona raha. Baada ya siku ile dada akaanza kwenda kisimani, na wanawake wakawa wanapokezana watoto mgongoni.

Jumapili ya pili yake mzee mmoja wa kanisa akapeleka mashtaka barazani. Ni jirani yetu, ng'ombe wake na wa kwetu wanachungwa pamoja. Siku ya nyimbo alikuwa amesimama kwenye uzio wetu, na tulimwona akicheka.

Kikao kilifanyika ofisini baada ya ibada. Wazee kumi na wawili, mchungaji, na mimi na daftari langu. Mwenyekiti wa wazee, mzee mwenye sauti ndogo anayependa utaratibu kuliko kula, akampa nafasi mshtaki aeleze.

"Ameimba nyimbo za mapokeo chafu," akasema jirani.

Mwalimu mmoja, wa upande wa watumishi, akauliza, "Nyimbo gani? Chafu ni neno pana."

"Siwezi kuzitaja, kuna binti hapa."

"Binti ni katibu. Taja iandikwe, tusihukumu mtu kwa hewa."

Jirani akakohoa, akaanza kutaja. Alianza kwa aibu, ya pili akaisema vizuri zaidi, ya tatu aliitoa na mdundo wake kwa vidole mezani. Ubeti hata mmoja haukumpotea. Wazee wa pamba walikuwa wameinamisha vichwa kama watu wanaoomba, lakini mabega yanatikisika. Mchungaji akageuka huku na huku.

"Maana yake nini hiyo?"

"Mchungaji," mwenyekiti akasema, "hiyo haitafsiriki."

Na mimi nikaandika, Nyimbo zilitajwa. Kisha wakaulizana nani wengine walikuwepo. Jirani akataja wanawake wanne ambao si wa kanisa letu, kwa hiyo haikuwa na maana. Halafu akaniangalia. Mimi nikaangalia daftari. Akanyamaza. Niliandika yale majina manne, la kwangu sikuliandika. Hakuna aliyeniuliza. Nilijiambia katibu hajiandiki mwenyewe, eti ndiyo utaratibu.

Bibi akatengwa, na Jumapili iliyofuata ikatangazwa mbele ya kanisa zima. Kwetu kutengwa maana yake unakuja kanisani, unaimba, unafagia zamu yako ikifika, lakini mezani kwa Bwana hufiki. Siku ya meza trei inakupita kama vile aliyekaa pale ni kivuli chako. Na kurudi kuna njia yake, tunaita kurudi kundini. Unakuja mbele ya watu wote, unapiga magoti, unaulizwa, unajibu, wazee wanakushika mkono, imekwisha. Kuanzia hapo hakuna mtu anayeruhusiwa kukukumbusha.

Nilienda kwa bibi na maneno makali mdomoni kuhusu wazee. Alikuwa anachambua choroko.

"Meza ni lini?" akauliza.

"Baada ya mavuno."

"Basi nitarudi kundini kabla ya hapo. Waambie waniandike."

Kuhusu jirani hakusema neno. Alitaka meza tu. Ana miaka mingi, mguu wa kushoto umeanza kuvimba, na mwaka ule aliwahi kuniambia kwamba hataki kufa akiwa nje ya meza, anaogopa kukutana na mume wake akiwa na kesi. Hilo ndilo jambo lenyewe. Yote mengine ninayoandika hapa ni takataka ya watu wengine iliyorundikwa juu yake.

Nikampelekea mchungaji ombi. Nilimkuta nje ya nyumba yake anafuta vile viatu kwa kitambaa. Akanisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, huruma nzuri tu, nikafurahi.

"Dada, haya mambo ya kupigisha watu magoti yamepitwa na wakati," akasema. "Ni kudhalilisha. Mimi nimeshasema kwenye uongozi wangu hayapo. Mwambie bibi siku ya meza aje tu, akae, apokee."

Nikarudi mbio. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akaendelea na choroko zake.

"Nije tu kama mbuzi aliyekuta mlango wazi?" akasema. "Walinitoa mbele ya watu. Watanirudisha mbele ya watu."

"Mayu, mchungaji amesema haipo tena."

"Kunitoa ipo?"

Nikamrudia mchungaji, nikamweleza. Ndipo nikaona uso wake ukibadilika kidogo, kama mtu anayeona bei yake imekataliwa. Akasema nijitahidi kumshawishi, aje bila kupiga magoti, kwa sababu wazee wakimnyima mkate mbele za watu, na mtu mmoja akarekodi kwa simu, yeye atakuwa na kitu cha kupeleka kwa askofu. Alilisema waziwazi kabisa. Hata hakupunguza sauti. Alifikiri mimi ni mtu wake, na kweli nilikuwa mtu wake mpaka dakika ile.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa wazee nikidhani angalau huku kuna utaratibu. Akasema bibi atarudi kundini vizuri tu, hakuna mwenye chuki naye, ila swali litabadilishwa. Zamani ilikuwa unaulizwa, unatubu? Unasema ndiyo. Sasa wazee wamekubaliana kwamba bibi aseme kwa kinywa chake kwamba mambo ya mapacha ni ya shetani na wote waliofanyiwa wamo gizani.

"Pamoja na wale watoto?" nikauliza.

"Aseme tu, binti. Ni maneno."

"Kwa nini yeye peke yake abadilishiwe swali?"

Akaniangalia kwa uchovu. "Kwa sababu mchungaji anasema sisi ni watu wa mapokeo. Tunataka aone nani hapa anapinga mapokeo."

Nilitoka pale mate yamejaa mdomoni. Huyu anataka bibi asipige magoti ili amshtaki yule. Yule anataka bibi apige magoti na kutukana vitukuu vyake ili amfunge huyu mdomo. Na wote wawili, nikisimama mbele yao, wananiuliza bibi hajambo mguu.

Bibi nilimwambia kila kitu. Sikumficha hata neno. Akanishukuru, "Wabeja," akaniuliza kama kanga yake ya kijani imekauka.

Jumapili ya meza kanisa lilijaa, watu wameshavuna, wamevaa vizuri. Watumishi upande wa madirisha, wazee upande wa mlango, kama kawaida, utadhani kuna kamba imepita katikati. Mchungaji alipomaliza matangazo bibi akasimama kutoka benchi la nyuma. Hakuwa ameandikwa popote. Alitembea polepole kwa ule mguu, akafika mbele, akashika ukingo wa madhabahu, akapiga magoti kwenye simenti.

Yule mwalimu wa barazani akainua simu yake.

"Mama, simama," mchungaji akasema kwenye kipaza sauti. "Hapa hatufanyi hivyo. Karibu kiti."

Mwenyekiti akasimama upande wa pili. "Asisimame. Amekuja kwa utaratibu, aulizwe."

"Haimo kwenye ratiba."

"Na wewe uliifuta kwa ratiba gani?"

Kipaza sauti kilikuwa kinachukua yote, mpaka watoto waliokuwa nje wakaja mlangoni. Mwenyekiti akainama kidogo, akamuuliza bibi kwa Kisukuma lile swali lao jipya. Bibi hakuinua kichwa. Alijibu kwa Kisukuma, sauti yake ilisikika vizuri maana alizoea kuanzisha tenzi.

"Anasema nini?" mchungaji akauliza.

Hakuna aliyetafsiri. Wale wanaotaka kila kitu kitafsiriwe siku zote walikuwa wameishiwa na Kiswahili. Nikatafsiri mimi, nikiwa nimesimama kwenye meza ya katibu. Nikasema, anasema aliimba na alicheka, na kama kuimba kule kulimuumiza Mungu anaomba amsamehe. Anasema pia alimchukia jirani yake tangu siku ile, na hilo anajua ni dhambi, analitubu. Lakini watoto hawako gizani. Amewaogesha mwenyewe asubuhi.

Mtu akacheka huko nyuma. Jirani yetu akaangalia miguu yake.

"Hajajibu swali," mwenyekiti akasema.

"Amejibu vizuri sana," mwalimu akasema, simu bado juu.

"Wewe Kisukuma umejifunza lini?"

"Nimesikia tafsiri."

"Tafsiri ya mjukuu wake."

Ndipo mmoja wa wazee, sijui hata alikuwa na haraka ya nini, akasema baraza lipige kura pale pale, yaishe. Na wakakubali. Watu wazima kumi na wawili walisogea mbele, wakasimama nusu duara, bibi yuko katikati chini kama kitu kilichoanguka. Wanaokubali arudi, mikono juu. Sita. Wasiokubali. Sita. Nilihesabu mara mbili kwa sababu mwenyekiti alitaka nihesabu mara mbili. Wale sita wa kukubali walikuwa watumishi, nesi akiwemo, na hata mmoja wao siku zote hizo hakuwahi kufika kwetu kumsalimu. Wale sita wa kukataa walikula kwake harusi zote za familia yetu.

"Mchungaji ndiye atakata," mwenyekiti akasema.

Mchungaji alikuwa na nafasi. Neno moja tu. Nilimwona akifikiri, akaangalia ile simu, akaangalia wazee. Kisha akasema yeye hatapiga kura kwenye jambo ambalo hakubaliani na utaratibu wake, atalipeleka ngazi ya juu kwa maandishi, na katibu aandike hivyo.

Nikaandika. Mkono uliandika wenyewe.

Muda huo wote bibi alikuwa magotini. Nikaenda nikamshika kwapa nikamwambia, "Mayu, twende." Hakutaka. Akaniuliza wamesema nini. Nikamwambia hawajasema kitu. Akakaa hivyo hivyo mpaka kwaya ya watumishi ilipoanza kuimba na kinanda, ndipo akasimama kwa kushika bega langu. Kwenye kanga ya kijani palikuwa na duara mbili nyeupe za vumbi la simenti. Akarudi benchi lake.

Na ibada ikaendelea. Hilo ndilo ambalo mpaka leo sielewi. Walisoma maneno ya usiku ule aliosalitiwa, wakamega, wakaanza kupitisha. Waliokuwa wanatoleana macho dakika tano kabla wakawa wanapeana trei kwa mikono miwili. Trei ikafika kwangu. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilikuwa napanga nitakachoandika kwenye muhtasari, sentensi kali, nazitafuta kichwani, na mkono ukachukua kikombe, nikanywa. Nilishameza ndipo nikageuka nyuma. Bibi alikuwa ananiangalia. Hakukunja uso. Aliniangalia tu jinsi unavyomwangalia mtu anayekula wakati wewe umefunga.

Mimi niliyeshika bakuli.

Wiki ile sikuweza kukaa vizuri. Nikaenda kikaoni, kabla ya sala ya kufungua nikasimama nikasema nina jambo. Nikawaambia siku ya mapacha nilikuwepo, nilizunguka na bakuli, niliimba kiitikio, jina langu niliruka makusudi. Nikasema kama bibi ametengwa na mimi nitengwe, iandikwe.

Wakaangaliana. Jirani akasema hakuniona vizuri siku ile. Mwenyekiti akasema, "Binti, usituletee mambo, nani ataandika muhtasari?" Mwalimu akasema mimi ni kijana, nilikuwa pale kwa ajili ya utamaduni tu, hata shuleni wanafundisha ngoma. Mchungaji akatabasamu akasema kanisa linahitaji vijana kama mimi. Hakuna aliyepinga. Tangu nianze kuandika daftari lile hilo ndilo jambo la kwanza ambalo pande zote mbili zilikubaliana, na lilichukua muda mfupi kuliko sala.

Nilirudi nyumbani nikiwa nanuka, ndivyo nilivyojisikia, ingawa nilikuwa nimeoga. Bibi alikuwa amekaa na mapacha, mmoja kila paja. Nikamsimulia. Nilitegemea nini sijui. Labda aniambie nimefanya vizuri.

Alikasirika. Sijawahi kumwona amenikasirikia vile tangu nikiwa mdogo.

"Umeenda kuomba kutengwa," akasema. "Kama mtu anayeomba lifti. Mimi ninalilia kuingia, wewe unajitoa upate kusifiwa."

"Sikutaka kusifiwa, Mayu."

"Ukitengwa wewe mimi napata nini?"

Mtoto mmoja akaanza kulia, akanipa nimshike.

Baadaye akauliza, "Ilikuwa divai ya kweli au ile juisi ya rozela?"

"Ya rozela."

"Ilikolea?"

"Sikusikia ladha, Mayu."

Akatikisa kichwa, kama nimepoteza kitu chake nilichoazimwa. Kisha akaniambia nilete karatasi. Meza nyingine ni Krismasi, akasema, na barua ifike kabla hawajapanga ratiba yao, wasije wakasema haimo. Akawa anatamka kwa Kisukuma, mimi naandika kwa Kiswahili, kitoto kimelala kwenye mkono wangu wa kushoto. Kwamba anaomba kurudi kundini. Kwamba atakuja mbele na atapiga magoti, akiambiwa asipige na akiambiwa apige. Kwamba jirani ameshamsamehe na ameshampelekea choroko. Nikamuuliza kama kuhusu watoto niruke, tusiwachokoze.

"Usiruke," akasema. "Andika watoto hawako gizani. Andika kwa Kiswahili kizuri, yule mchungaji asome mwenyewe."

Nikaandika. Akataka nimsomee tena kuanzia mwanzo.